Mtungi Hufunguliwa Polepole

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa kusimama kutwa. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, na mwenye nyumba ni mtu mwema mradi usianike nguo kwenye kamba yake. Mwambie mama nakula vizuri, na ile sweta aliyoisukumiza kwenye begi kwa nguvu nimeanza kuivaa asubuhi. Ningewapigia simu, lakini najua kwako simu ni mlio wa nyuki tu. Zoea mwandiko wangu.

Kazi nimepata. Ni msaidizi kwenye kliniki ya wanyama. Daktari ni mwanamke wa makamo anayetembea haraka, na anawaheshimu wanyama kuliko wenye wanyama. Juzi nimemsikia akimwambia paka, "Samahani mzee, nakuchoma kidogo." Kisha akamgeukia mwenye paka: "Wewe ulikuwa wapi wiki nzima?"

Sasa jambo lenyewe. Kwenye kona ya chumba cha matibabu kuna mtungi wa oksijeni, mrefu kunipita mabegani, umefungwa mnyororo ukutani. Siku yangu ya tatu aliletwa mbwa aliyegongwa na pikipiki. Ulimi wake ulikuwa rangi ya zambarau. Daktari akasema, "Fungua oksijeni." Mjomba, sikuweza. Mkono ulifika kwenye vali ukagoma. Nilisikia daktari akiniita mara ya pili, mara ya tatu, kisha akanisukuma kando akafungua mwenyewe. Mtungi ukatoa ule mlio wa kuzomea na mimi nikajikuta niko nje kwenye korido, nimeshika ukuta.

Mbwa alipona. Daktari aliniuliza kuna nini. Nikamwambia baba yangu alikufa kwa mtungi kama ule nikiwa na miaka minne. Akasema, "Basi utajifunza, au utatafuta kazi nyingine. Hapa hatuwezi kuishi bila huo mtungi."

Kazi nyingine sina. Wewe umeishi na mitungi maisha yako yote, ukichomelea mageti na vitanda vya watu. Nifundishe namna ya kuufungua bila kufa. Na kama huoni vibaya, niambie siku ile ilikuwaje. Mimi najua maneno matatu tu: regulata ilikuwa mbovu.

Mpwa wako,
Chiriku


27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku nne kwa sababu karani alikuwa msibani. Sisi tupo. Mama yako ana kikohozi kidogo lakini sauti ya kunigombeza haijapungua. Nina kazi ya geti la shule, futi kumi na mbili, na bawaba zake zinanisumbua.

Mtungi wako na wangu ni ndugu. Wa kwako hewa yake ni safi zaidi, basi. Fanya hivi.

Kwanza hakikisha umefungwa mnyororo. Mtungi ukianguka ukavunjika shingo unaruka kama kombora.

Pili, angalia pale regulata inapoingia kwenye mtungi. Regulata ni kile kifaa chenye saa ya mshale, kinachopunguza presha na kukuambia imebaki kiasi gani. Pasiwe na vumbi, pasiwe na mafuta. Usipake mafuta hata kama nati ni ngumu. Usishike kwa mkono wenye mafuta, hata mafuta ya kujipaka. Oksijeni ya presha ikikutana na grisi haihitaji kiberiti.

Tatu, unapofungua, simama ubavuni. Usiweke uso mbele ya ile saa. Fungua polepole, kama unafungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Usikie kwanza, ndipo uendelee.

Nne, ukimaliza, funga. Usimwachie mwingine akufungie.

Na mafuta, nakukumbusha tena. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Kama daktari wako ana kitambaa chenye grisi karibu na mtungi, kitoe nje, na akikuuliza mwambie ni mimi niliyesema.

Woga wako si ujinga. Fundi asiyeuogopa mtungi simpi mtungi.

Hilo lingine uliloniuliza, siku hiyo ilikuwa ndefu na mimi ni mzee. Salamu za mama yako. Anasema sweta usiifue kwa maji ya moto.

Mjomba


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama apewe pole ya kikohozi, na geti la shule liache ukaidi. Mimi nimehamisha kitanda, sasa nikilala naona kipande cha anga chenye upana wa kiganja. Maendeleo hayo.

Nimeufungua. Nilinawa mikono mpaka daktari akauliza kama naenda kupasua mtu. Nikasimama ubavuni, nikageuza vali kama ulivyosema. Ukazomea kidogo, mshale ukapanda, basi. Sikufa. Nilitaka kucheka, nikatokwa na machozi, daktari akajifanya hajaona.

Sasa nakusimulia nilichojifunza, maana ni kazi ya ajabu. Mnyama anayekosa pumzi humshiki kwa nguvu. Paka akifungua mdomo na kuhema kama mbwa, ujue yuko ukingoni kabisa. Ukimkandamiza umpime, anakufa mikononi mwako. Unamweka kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kuonea, unaingiza mpira wa oksijeni, unamwacha. Unakaa unamtazama mbavu. Daktari anasema woga wenyewe unakula pumzi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumwondolea woga. Mwingine unamshikia mpira karibu na pua tu, kama unamnong'oneza. Mbwa wakubwa wanaingizwa mrija mwembamba puani.

Na kuna kola. Ni ile sahani ya plastiki wanayovishwa mbwa shingoni wasilambe vidonda. Ukiifunika mbele kwa ile karatasi ya nailoni ya kufunikia vyakula, ukapitisha mpira chini, inakuwa kama chumba kidogo cha oksijeni kwa ajili ya kichwa chake. Naifunga vizuri kuliko daktari. Yeye mwenyewe amekiri.

Mjomba, nimeihesabu barua yako. Mafuta umeyataja sehemu ya pili, ukayarudia mwishoni kana kwamba sikusikia. Regulata mbovu umeitaja mara ngapi? Hata moja. Mimi ni chiriku kweli, lakini si kipofu. Siku ile ilikuwaje?

Chiriku


30 Aprili

Chiriku,

Tupo. Kikohozi cha mama yako kimeisha. Geti la shule limekaa.

Nafurahi umeufungua mtungi. Endelea hivyo hivyo.

Maswali yako ni mengi na mimi nina kazi. Mengine mtu anayaacha yalale. Usimwandikie mama yako juu ya hayo.

Mjomba


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi mzima. Joto la huku limekuwa kali, hata vyuma vya dirishani vinaunguza.

Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Kuna mbwa mmoja alikuwa anakuja hapa, wale wa pua bapa wanaokoroma hata wakiwa macho. Mdogo, mnene, anaitwa Jemadari. Mwenye mbwa ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane, anaishi na huyo mbwa peke yake. Anamkalisha kwenye kiti karibu na cherehani na kumsomea vipimo vya wateja. "Kiuno arobaini, Jemadari. Kumbuka arobaini."

Wiki mbili zilizopita aliletwa anahema vibaya. Tulimpa oksijeni. Alikufa.

Daktari anasema mbwa wa aina ile njia yao ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa, na siku ile lilikuwa joto. Anasema inatokea. Nilimfunika kola kama kawaida. Fundi cherehani alikuja akanishika mikono miwili akanishukuru kwa kukaa naye mpaka mwisho. Juzi ameniletea aproni aliyonishonea, ina mifuko minne.

Mjomba, sili vizuri. Nikikaribia ule mtungi mkono unagoma upya, vibaya kuliko mwanzo. Nataka kukuuliza kitu, na usimwambie mama. Mtu akikosea kazini, na hakuna aliyeona, anafanya nini?

Chiriku


13 Juni

Chiriku,

Barua yako imefika jana. Naijibu leo, karani ananisubiri afunge mfuko.

Umeniandikia kwamba ulimfunika kola kama kawaida. Hukuniandikia ulimfunikaje. Mimi ni fundi, nasoma kazi ya mtu kwa pale aliporuka.

Niandikie yote. Usimwandikie mtu mwingine. Hakuna utakachosema kitakachonifanya nikuone tofauti.

 Nimekaa na swali lako tangu jana, kalamu imekauka mara mbili.

Kula. Hata kidogo.

Mjomba


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Ilikuwa saa sita mchana. Daktari alikuwa ameitwa kwenda kutazama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, nje ya mji. Umeme ulikuwa umekatika na feni imesimama. Fundi cherehani akaingia amembeba Jemadari kama mtoto. Nikamwambia asubiri nje, maana kulia kwake kulikuwa kunamtisha mbwa.

Nikafungua mtungi, vizuri, kama ulivyonifundisha. Nikamvika kola. Sasa sikiliza. Ile nailoni huwa hufuniki yote. Unaacha uwazi juu, upana wa vidole vitatu, ili joto la pumzi yake na hewa chafu anayoitoa vipate pa kutokea. Daktari alinionyesha siku ya kwanza. Najua. Nimefanya mara nyingi.

Siku ile nilifunika yote. Nilikuwa na haraka, na niliona oksijeni inapotea bure pale juu, na ulimi wake ulikuwa unazidi kuwa wa bluu. Nikasema moyoni, nizibe kidogo tu impate yote. Nikaziba, nikazungusha na plasta.

Mwanzoni alitapatapa. Kisha akatulia. Mjomba, nilifurahi. Nilidhani woga umemtoka. Nilikaa pembeni nikimpapasa mgongo, nikimwambia kazi nzuri Jemadari, huku nailoni imefanya ukungu ndani na mimi nauona huo ukungu na sikuelewa. Nilipomgusa tumboni alikuwa wa moto kama pasi. Nikachana nailoni. Alivuta pumzi mara mbili, ikawa mwisho.

Sikumwita fundi cherehani mara moja. Kwanza nilichukua ile nailoni na plasta nikazikunja nikazisukuma chini kabisa ya pipa la taka, chini ya mabomba ya sindano. Ndipo nikamwita.

Daktari aliporudi aliniuliza jambo moja tu. "Uliacha uwazi?" Nikasema, "Niliacha." Akaniwekea mkono begani.

Sasa anaajiri msaidizi mwingine, mama mmoja aliyekuwa anafuga kuku. Ameniambia nimfundishe mimi, kwa sababu kola nazifunga vizuri. Nimejisingizia homa mara mbili. Siwezi kusimama mbele ya yule mama nikamwambia acha vidole vitatu, na siwezi kutomwambia. Kila mlango ukigongwa nadhani wamekuja kunichukua. Aproni ya mifuko minne naivaa kwa sababu nisipoivaa fundi ataniuliza.

Nisemeje? Au ninyamaze, ipite?

Chiriku


19 Julai

Mpwa wangu,

Barua hii nimeianza mara sita. Mama yako ameuliza kwa nini nachana karatasi, nimemwambia ni hesabu za mabati.

Uliniuliza mtu anyamaze, ipite. Nitakuambia jinsi inavyopita.

Baba yako hakuwa msaidizi wangu kama watu wanavyosema. Karakana ilikuwa yetu wote wawili. Yeye alikuwa na mkono mzuri kunishinda, mimi nilikuwa na maneno kwa wateja. Siku ile tulikuwa na mtungi mpya wa oksijeni na regulata yetu ya zamani. Nati yake ilikuwa ngumu, haiingii. Nilikuwa na haraka, mteja amesimama mlangoni. Nilichukua grisi kwa kidole, nikapaka kwenye zile nyuzi za nati, ikaingia kama siagi. Nilijua haifai. Tulifundishwa siku ya kwanza, kama wewe na vidole vyako vitatu. Nilisema moyoni, kidogo tu.

Kisha nikageuka kuongea na mteja, nikamwambia shemeji yangu, "Fungua."

Alikuwa ameinama juu ya mtungi. Akaniuliza, "Umefunga sawa?"

Nikasema, "Sawa."

Sikusikia kitu. Watu wanadhani nilisikia mlipuko. Niliona mwanga mweupe, kisha niko chini, na masikio hayakurudi tena. Yeye alifika hospitali akiwa hai. Hakuongea.

Walipokuja kukagua, walikuta chuma kilichoyeyuka. Walipouliza, nikasema regulata ilikuwa ya zamani, mbovu. Wakaandika. Mama yako akaletewa hiyo habari na mimi mwenyewe, nikiwa na bandeji kichwani, na alinilaza kitandani akaniuguza wiki tatu. Aliniuguza mimi.

Miaka ishirini na miwili. Watu wanasema mjomba wako alikulea, alikusomesha, hajaoa, ni mtu wa pekee. Mimi najua nilikuwa nafanya nini. Kila ulipokuja karakanani ukiwa mdogo na maneno yako mengi nilikuwa nakuogopa. Mtoto wa miaka sita, nakuogopa, kwamba utaniuliza. Uliponiandikia Februari kwamba unafanya kazi na mtungi, nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa. Nilikuandikia juu ya mafuta kwa sababu sikuweza kulala bila kukuandikia, nikajua utaona, nikakuandikia hivyo hivyo.

Basi ndivyo inavyopita. Haipiti.

Nenda kwa daktari wako. Usisubiri uwe jasiri, mimi nilisubiri hilo na halikuja. Nenda ukiwa unatetemeka. Yule mama wa kuku akifundishwa vibaya, kuna mnyama mwingine mezani.

Mama yako hajui. Yuko uani sasa hivi anaanika nguo, namwona kutoka hapa. Sijui kama ninaweza.

Mjomba wako


30 Agosti

Chiriku,

Sijapata barua. Nilipeleka yangu tarehe kumi na tisa Julai, kwa mkono wangu, karani akaigonga muhuri nikiona.

Naenda posta kila Jumanne na Ijumaa. Karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama imepotea njiani, niambie. Kama imefunguliwa na mtu mwingine, niambie pia. Itabidi niiandike tena, na sina hakika kama mkono utakubali.

Kama imefika na hutaki kujibu, hilo nalo nitalielewa. Lakini nijue kama unakula.

Mjomba


6 Oktoba

Chiriku,

Bado sijapata barua. Naandika hivyo hivyo.

Nimemwambia mama yako.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Alikuwa anakunja mashuka, akaniita nimshikie ncha mbili. Tukakunja la kwanza. Tukakunja la pili. La tatu nikiwa nimeshika ncha nikamwambia. Sikuandaa maneno. Nilisema, "Regulata haikuwa mbovu. Niliipaka grisi." Hakuelewa, au alijifanya. Nikasema tena, nikasema yote, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni.

Alilimalizia lile shuka peke yake. Kisha akaingia ndani.

Siku kumi na moja hakunisemesha. Chakula aliniwekea, kwenye sahani iliyofunikwa, kama mtu anayemwekea mgeni asiyemjua. Sikuweza kukaa uani. Nilikuwa nasubiri aite ndugu, aite polisi, aninyooshee kidole mbele ya watu. Kila sufuria ikilia nilikuwa nashtuka, na ujue sufuria lazima ilie sana ndipo niisikie.

Siku ya kumi na mbili alikuja karakanani. Tangu siku ile hakuwahi kuvuka kizingiti. Alisimama mbele yangu ili nione midomo yake.

"Aliuliza kitu kabla ya kufungua?"

"Aliuliza kama nimefunga sawa."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

 Akauliza baba yako alikuwa amesimama wapi. Nikamwonyesha. Akaenda akasimama hapo, mikono imelegea, nami nikabaki nimeshika nyundo, sijui niiweke wapi. Kisha akaondoka.

Jana ameniambia nikununulie soksi. Sijui kama ni kuzungumza nami au ni soksi tu.

Mjomba


3 Novemba

Mjomba,

Shikamoo.

Barua zako zote zimefika. Ya Julai niliisomea stoo, kati ya magunia ya chakula cha mbwa, nimesimama, na nilipomaliza sikujua mlango uko upande gani. Nimekujibu mara nne. Moja ilikuwa matusi matupu, sikujua ninayajua yote yale. Nyingine ilikuwa nzuri mno, nikaiogopa kuliko ya matusi. Zote nimezichana. Kwa hiyo hii usitegemee iwe imenyooka.

Nianze na ya kwangu.

Nilikwenda kwa daktari kesho yake baada ya kuisoma hiyo ya Julai, tarehe nne Agosti, kabla hajavaa koti. Nilitetemeka kweli. Nikasema, "Jemadari sikumwachia uwazi. Na niliificha nailoni." Alikaa. Akauliza maswali kama anavyouliza wenye wanyama, joto kiasi gani, dakika ngapi, ulimi ulikuwaje. Mwisho akasema, "Inawezekana angekufa hata ungeacha. Inawezekana asingekufa. Hilo hatutalijua, na hutakiwi kuchagua lile linalokupa usingizi." Akaniondoa kwenye oksijeni mwezi mzima. Nilisafisha vizimba. Na akaniambia nikamweleze fundi cherehani mwenyewe, yeye atanisindikiza mpaka kona tu.

Nilimkuta anapima suruali ya mtu. Nilisema mbele ya huyo mtu, maana ningesubiri aondoke ningekimbia. Fundi alisikiliza, sindano ziko mdomoni. Akazitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake. Akaniuliza, "Aliogopa?" Nikamwambia mwanzoni aliogopa, halafu nikadhani ametulia. Akasema, "Toka kidogo mwanangu. Nitakuita." Hajaniita. Nikipita mtaa ule napita upande wa pili, na yeye najua ananiona. Aproni nimemrudishia mlangoni, imefuliwa.

Yule mama wa kuku nimemfundisha Septemba. Nilimsimulia yote kwanza. Akafunga kola ya kwanza, akaweka vidole vyake vitatu pale juu na kuviacha hapo muda wote, kama anazuia mlango. Wiki iliyopita alikuja paka aliyeanguka ghorofani. Mimi nilifungua mtungi, yeye alishika mpira. Tulikuwa tunaogopa wote wawili. Paka yupo, anakula.

Sasa yako.

Nimekasirika, Mjomba, na sijui hasira hii ina mwisho wapi. Si grisi. Grisi naielewa kuliko mtu yeyote duniani, na hilo ndilo linanitia wazimu, kwamba siwezi hata kukuhukumu kwa raha. Lakini kuna kitu nimekiona hivi karibuni. Pale kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia kuhusu baba. Hata siku moja. Alipenda nini, alichekaje, alikuwa mrefu au mfupi. Nilidhani ni huzuni. Kumbe kwa kuificha siku moja ilibidi uzifiche zote, maana ungeanza kusimulia yoyote ungefika kwenye ile. Mama naye akakuona unanyamaza, akanyamaza. Nimejua kwa barua yako kwamba karakana ilikuwa ya wawili na kwamba mkono wake ulikuwa mzuri kukushinda. Nina miaka ishirini na sita na hilo ndilo la kwanza kulisikia.

Daktari amenipa likizo kuanzia tarehe kumi na mbili Desemba. Nakuja. Naogopa kuja, lakini tiketi nimekata. Usije kunipokea. Sijui nitafanya nini nikikuona katikati ya watu. Kaa karakanani, nitapita kwa mama kwanza, kisha nitakuja.

Usiniombe msamaha ukiniona. Sijafika huko, na ukiniomba nitalazimika kujibu. Nitafutie kiti. Anza mlipokutana wewe na baba, mkiwa hamna karakana wala mimi sijazaliwa. Niambie siku za kawaida, zile ambazo hakuna kilichotokea, nyingi kadiri unavyozikumbuka. Nina siku tisa. Ile moja tutaifikia mwisho, mama akiwepo.

Soksi zimenitosha. Ni mama aliyechagua rangi, nimejua.

Chiriku